Mashauri kwa Wanaokuja Kuona Ndege Mara ya Kwanza

Jumatatu, 12 Agosti

Mukubwa wa radio ameniita ndani ya biro yake. Kazi mupya: niandike mashauri kwa watu watakaokuja kwenye Siku za Ndege, tarehe 24 na 25, pale uwanja wa ndege. Dakika tatu, nisome asubuhi na magaribi. Watu wengi huku hawajaona kitu kama hiki — ndege zinaruka kwa kujionyesha tu, hazibebi muntu wala muzigo. Hata mimi sijaona. Miaka kumi na tisa niko kwenye mikro ya radio, na ndege nimepanda mara mbili, zote mbili nikitapika.

Nikauliza niandike nini. Akasema, vile unajua. Kamati ya sikukuu iko na muntu wa protokoli, Papa Basile, yeye atasoma mbele ya kupitisha.

Nimefurahi, niseme ukweli. Wiki mbili bila matangazo ya misiba.

Jumatano, 14 Agosti

Nimeenda kwa Papa Léon, ng'ambo ya muto Lukuga. Alikuwa muzima-moto wa viwanja vya ndege miaka thelathini na moja, Lubumbashi kisha hapa. Nimemukuta anachambua maharagi na muke wake. Hakuacha kuchambua, lakini alisema mpaka mukono wangu ukauma kwa kuandika.

Mulete maji yenu. Kofia, kwa sababu utaangalia juu siku nzima na jua halina huruma. Mutoto muchanga, pamba kwenye masikio. Mukifika tu, mupatane pa kukutania, maana simu haitapita watu wakiwa wengi. Usiende kukojoa ndege ikiwa angani — hiyo njo saa watu wanapotezana. Usipite nyuma ya ndege ambayo mashini yake iko na moto, wala mbele ya panga zake za kuzunguka, hata ukiona imesimama. Kutoka, musitoke wote pamoja.

Halafu akaacha maharagi.

"Lakini yote hayo ni ya pembeni," akasema. "Kitu cha kwanza ni mahali muntu anasimama. Hatua mia mbili toka barabara ya ndege, na kamba. Pembeni, hapana kwenye mwisho wake. Ndege ikikosea, inakosea kwenye mwisho."

Nikamuuliza juu ya helikopta, maana nayo itakuja. Akasema yenyewe haina shida, shida ni upepo wake. Kitu chochote kisichofungwa kinakuwa kisu. Aliona beseni ikikata muntu sikio.

"Watu watawekwa upande gani?" akauliza.

Nikaandika swali hilo pia, niende kuangalia. Muke wake akanipa kikombe cha maharagi nipeleke nyumbani.

Ijumaa, 16 Agosti

Nimeenda kuangalia uwanja na Ruben, fundi wetu wa sauti. Papa Basile alikuwa pale, viatu vyeupe, manukato mpaka unakohoa. Anaonyesha kila kitu kwa kidole kidogo.

Hema la wageni wa heshima: katikati, pembeni ya barabara ya ndege, mbali vizuri, chini ya kivuli cha turubai, na kiwanja kizima cha majani makavu upande wake wa kushoto. Kiwanja hicho ni cha magari yao. Magari ishirini! Ungeweza kuweka parokia nzima.

Mahali pa watu wote: kule mwisho wa barabara. Mbele, lami. Nyuma, mufereji, na nyuma ya mufereji seng'enge. Pembeni, lundo la bati za hangari ya zamani waliyobomoa. Nimehesabu hatua kutoka lami mpaka pale watu watakaa. Ishirini na sita.

Nikamuambia Papa Basile. Akacheka. "Mama Hortense, kule njo wataona vizuri. Ndege itapita juu ya kichwa. Si wanataka kuona?"

Na hizi bati? Zitaondolewa.

Vyoo vya watu: vine, bila mulango, na tayari wafanyakazi wamevijaza. Nimechungulia kimoja. Inzi wa kijani. Nilitoka nikishika pua, nikasikia Papa Basile anamuambia muntu kwenye simu kwamba usafi uko asilimia mia moja. Vyoo vya wageni viko na kufuli, na mwanamuke wa kufuta.

Kurudi, kufika darajani, Ruben akasema tu, wale watu watakaa kama dagaa kwenye mukeka.

Jumapili, 18 Agosti

Baada ya misa Papa Basile amenirudishia karatasi ya mashauri yangu. Alikuwa anakula samaki wa kukaanga kwenye baranda ya kamati, akaifungua karatasi yangu mezani na vidole vile vile. Alama ya mafuta imekaa juu ya neno "watoto".

Niliandika mashauri kumi na moja. Amekata matano kwa kalamu ya biki nyekundu. Hatua mia mbili — imekatwa. Mwisho wa barabara — imekatwa. Upepo wa helikopta — imekatwa, na pembeni ameandika: inatisha. Panga za ndege. Kutoka polepole.

Ameongeza yake. Muvae kitenge cha sikukuu. Mupige makofi wageni wakipita. Na hili, naliandika vile liko: "Mahali penu pamechaguliwa na wataalamu, ni karibu na ni salama."

"Wataalamu gani, Papa Basile?"

"Kamati."

"Kuna muntu wa ndege kwenye kamati?"

Akapangusa mudomo. Akaniangalia kwa upole, kama unavyoangalia mutoto anayeuliza mahali Mungu analala. Akasema, "Mama, wewe ni sauti. Kichwa tuko nacho sisi."

Nimeenda kwa mukubwa wangu nyumbani kwake. Alikuwa na usingizi. Akasema soma, Hortense, usitafute maneno, ni siku mbili tu zitapita.

Kula bukari kumenishinda leo. Kila kitu kinanuka yale mafuta.

Jumatatu, 19 Agosti

Nimesoma. Asubuhi na magaribi.

Nimesoma vizuri. Sikukwama hata mara moja. "Ni karibu na ni salama" — na sauti ile ninayotumia kwa siku kuu ya Bikira Maria. Ruben alikuwa upande wa pili wa kioo. Hakuinua kidole gumba kama kawaida.

Alhamisi, 22 Agosti

Boti za Moba zimejaa. Treni ya Nyunzu pia, wanasema. Sokoni wananiita Mama wa Ndege. Mwanamuke mumoja amenisimamisha karibu na wauza muhogo, akanionyesha pamba aliyonunua kwa masikio ya mutoto wake. Akanishukuru. Nikasema karibu, mama.

Nimeoga mara mbili leo. Haisaidii.

Jumamosi, 24 Agosti

Nitaandika kwa mupango, maana kichwa kinazunguka.

Tangu saa kumi na mbili asubuhi watu walikuwa wanaingia. Vitenge vipya, vyungu, mikeka, vizee wamebebwa kwenye pikipiki. Sijaona Kalemie hivyo. Wamekaa kule mwisho wa barabara, vile tuliwaambia. Kamba ilikuwepo saa moja. Saa tatu ilikuwa chini ya mikeka, na watu walikuwa hatua kumi toka lami. Bati bado zilikuwa pale. Watoto wamezipanda ili waone.

Saa nne, ndege mbili ndogo. Nzuri, siwezi kusema uongo. Zilipanda zikasimama kwa mukia, zikashuka, watu wote wakasema aaa kwa koo moja. Mimi nilikuwa kwenye gari la radio, katikati ya hema na watu, nikieleza kwa vipaza sauti. Hata mimi nilisahau mahali walikaa.

Saa tano helikopta. Ilitoka upande wa ziwa, ikashuka chini kabisa kusalimia wageni. Wageni wakashika kofia, wakacheka. Halafu ikageuka kuja kusalimia watu wote. Vumbi. Nikaona mikeka inapanda, miavuli, sufuria. Watoto walikuwa wamesharuka kutoka juu ya bati, Mungu asifiwe. Lakini bati lenyewe likapanda. Moja. Likageuka hewani polepole, likashuka pale watu wamekaa.

Musiki ulikuwa unaendelea. Papa Basile akakimbia mpaka kwenye gari, viatu vyeupe vyote vumbi. "Sema kila kitu kiko sawa."

Nikasema.

Naliandika tena, ili nisijidanganye kesho: nikasema kwenye mikro, kila kitu kiko sawa, mukae pahali penu. Halafu nikatapika kwenye ndoo ya Ruben.

Watu sita wameumia. Saa nane nilienda hospitali. Wa mwisho kwenye chumba ni Mama Domitille, mukulima wa Kirungu, amepita miaka hamsini. Mufupa wa bega umevunjika, mukono umeshonwa toka kiwiko. Alijilaza juu ya mujukuu wake. Mutoto hana hata alama, alikuwa anakula ndizi kando ya kitanda, na pamba bado kwenye masikio.

Nilipomusalimia, akafungua macho. "Hii sauti naijua. Wewe njo mama wa radio?"

Nikasema ndiyo.

Alijaribu kukaa sawa, kwa heshima. Kwa heshima yangu mimi. Akaniambia alishuka kutoka mulimani kwa miguu mpaka bandari ya Moba, akapanda boti, kwa sababu mujukuu alitaka kuona ndege, na kwa sababu nilieleza vizuri mpaka hakuogopa.

"Maji nilileta, mama. Kofia nilivaa. Pamba nilimutia mutoto. Nikaenda kukaa pale pale mulisema." Akaangalia mujukuu wake. "Nilikosea wapi?"

Alikuwa anauliza kweli. Alitaka kujua, asirudie kosa.

Nikamuambia utapona, mama. Nikatoka, nikakaa kwenye ngazi ya hospitali, nikajiona kama kile choo cha inzi.

Jumapili, 25 Agosti

Saa mbili asubuhi. Uwanja.

Nilifikiri wamefunga. Hawakufunga. Bati wamezifunga kwa kamba ya katani, basi. Mahali pa watu ni pale pale. Na watu ni wengi kuliko jana. Wanajua habari ya jana, wote, na wamekuja mbio. Muntu mumoja amenionyesha pale bati liliangukia, kama vile ni sanamu. Nao wananichukiza leo. Wote. Lakini mimi njo niliwafundisha kwamba ni salama.

Papa Basile amenipa karatasi ileile ya jana. Ameongeza mustari: majeruhi wanaendelea vizuri na wanashukuru kamati.

Saa nne na robo. Niko ndani ya gari la radio. Ruben amefunga milango. Naandika nyuma ya karatasi ya Basile, maana daftari liko chini ya kiti na sitaki kuinama.

Nimesoma yote kumi na moja.

Ilikuwa hivi. Rubani wa ndege ya kwanza, mwanamuke anayeitwa Keren, alikuwa tayari amewasha. Mimi nilipaswa kusema karibuni. Nikasema: mashauri niliyowasomea wiki nzima yalikatwa, nami nilijua. Nikasoma hatua mia mbili. Nikasoma mwisho wa barabara. Nikasema, pale mumekaa si salama, jana nilisema uongo, kuna mama wa Kirungu amevunjika bega kwa sababu alinisikia. Simameni, murudi nyuma.

Vipaza sauti ni vikali. Keren amesikia. Alitoa kichwa kwenye dirisha, akaangalia kule mwisho muda mrefu, halafu akazima. Panga zimesimama. Ameshuka, amekunja mikono, amesimama kando ya ndege yake. Muntu wa kamati amemukimbilia. Keren anatikisa kichwa. Ananyoosha kidole kule kwa watu. Anatikisa tena.

Basi watu wakaanza kupiga miluzi. Nilifikiri ni kwa kamati. Ni kwangu. Wanapiga kelele: acha maneno, ndege iruke. Chupa moja imegonga paa la gari. Watu waliolala njiani siku tatu, na mimi ninawaharibia. Sijui kama nina haki ya kuwakasirikia.

Papa Basile yuko kwenye kioo. Anagonga kwa pete. Nasoma midomo yake: fungua. Kisha: mukubwa wako yuko kwenye simu. Ruben ameweka mukono juu ya swichi ili asiizime muntu, na ananiangalia. Mikro bado iko na moto, haijazimwa.

Mwanamuke mumoja kwenye mustari wa mbele amesimama. Mumoja tu. Amekunja mukeka, ameuweka begani, ameshika mutoto. Sasa mwingine. Sasa muzee mwenye kofia ya majani. Labda kumi. Wengine wamekaa, wanawacheka.

Yule mwanamuke wa kwanza amegeuka kurudi nyuma vile nilisema. Nyuma ni mufereji. Baada ya mufereji, seng'enge. Ameangalia kushoto, kulia. Pahali pa wazi ni pale tu kwenye magari ya wageni, kando ya hema. Polisi wanne wamesimama hapo katikati.

Niliwaambia waondoke. Sikuwaambia waende wapi. Amesimama na mukeka wake, anaangalia huku kwenye gari, anangoja.

Basile anagonga.