Jiko Limehamia Sebuleni

Mpenzi Baba Rhobi,

Hapa Bweri tumeamka salama, ila nyumba imegeuka. Masufuria yako chini ya kitanda, mkaa nyuma ya kochi, na kila nikipanga napangua. Jiko la nje analala baba yako, maana tangu atoke hospitali amekataa katakata, kwa mila zetu, kulala chini ya bati moja na mkamwana wake.

Mchana anakaaga mlangoni na redio, habari ananitumia kupitia mtoto. “Rhobi, mwambie mama yako mafuta yamepanda tena, apunguze kukaanga!” Nacheka, ila kile kifua chake kinanitisha. Mle jikoni mnavuja na baridi ya ziwa inaingia. Jana amesema Jumamosi anarudi kijijini Nyamuswa, hata kama dawa hazijaisha.

Mimi hanisikilizi, wewe mwanawe atakusikiliza. Omba ruhusa huko mgodini, uje umwingize ndani. Mimi na watoto tutalala kwa jirani, Mama Jenoveva.

Usipofika, Ijumaa nitamshika mkono mwenyewe nimwingize. Ukoo ukitaka kunisema kwamba nimemgusa baba mkwe, uniseme akiwa mzima, anasikia.

Mkeo anayekungoja,
Bhoke