Kiganja Kisichojazwa

Jumatatu, 6 Oktoba
Kucha zangu sizitambui. Miaka yote nimechora maharusi wa Shella, hina haikunitoka vidoleni. Leo nyeupe pe! Tangu nimzike mume wangu Habib nimo edani: sitoki, sijipambi, hina siigusi. Nimepika wali wa watu wawili tena. Nyumba kimya.

Jumanne, 7 Oktoba
Aaliya, binti wa jirani, kaja kunishika miguu. Ijumaa ni hina ya Safaa, bi harusi, na kwa kuwa mimi sitoki kapewa yeye amchore. Hajawahi! Nikampa penseli na karatasi. Tumeanza na mstari: mnene huvuta jicho, mwembamba huliongoza. Kakaa mpaka alasiri, kala na mimi. Nimefurahi kupita kiasi.

Jumatano, 8 Oktoba
Maumbo. Tone, jani, duara. Moja liwe kubwa, mengine yalifuate. Kisha rangi: hina nyekundu ndani, piko nyeusi ukingoni, hapo ua hutokeza. Anashika upesi mno, mtoto huyu. Nikasingizia kichwa chaniuma, tumalizie kesho.

Alhamisi, 9 Oktoba
Kachora kiganja kizima karatasini. Kajaza kote, hakuna pa kupumua. Limebaki somo moja tu, nafasi. Na likiisha, nani ataingia nyumba hii?
“Bi Zeina, hapa natia nini tena?”
“Tutaona,” nikasema. Mchoyo mimi!
Alipofika mlangoni moyo ukanisuta. Nikamwita. “Hapo usitie kitu, mwanangu. Paache. Pasipochorwa ndipo panapoonyesha palipochorwa.” Kaitazama karatasi, kacheka, kanibusu mkono. Kaenda mbio.

Ijumaa, 10 Oktoba
Vigelegele vya kina Safaa nasikia hadi hapa chumbani. Picha imeingia kwenye simu. Ua moja tu kiganjani, mstari mmoja ukipanda mpaka kidole cha shahada. Kwingine ngozi tupu. Nimelia. Mimi mwenyewe sijawahi kuthubutu kuacha pakubwa vile.
Chini Aaliya kaandika: Bi Zeina, ni sawa hivi, au bado?
Nikaandika ni nzuri kuliko zangu zote. Nikafuta. Nikaandika: Bado. Nafasi hujaielewa, harusi ikipita uje tena nikufunze. Nikatuma.
Kasoma. Kajibu: Ahsante, Bi Zeina, basi najaza.
Ya Rabi! Piko angali nayo mkononi, na Safaa yuko mbele yake!
Napiga simu. Yaita tu. Napiga tena—