Sola ya Zambarau

Jumatatu, 5 Februari 1996
Nimeponda zambarau tena, nimechuja kwa leso. Vioo vinne vya aina inayopitisha umeme upande mmoja tu, vilivyopakwa unga mweupe, ule wa kutengenezea rangi ya nyumba, vimelala kwenye juisi vinywe rangi. Vingine vinne nimevifukiza kwa mshumaa, vyeusi tii. Cha zambarau na cheusi vikibanwa pamoja, tone la iodini katikati, jua linatoa umeme. Cha kwanza: volti 0.4. Vinne ni 1.6. Kalkuleta inataka 1.5. Redio baadaye.

Jumanne, 6 Februari
Kile cha jana leo 0.1. Iodini ya dispensari ina maji, maji yanaharibu rangi. Nitatumia ya chembe, niyeyushe kwenye maji mazito ya rejeta ya gari.

Mbuzi wa jirani yangu Mama Kalondu amekufa. Mwenyewe alipita dirishani, akaona vioo vyeusi na mikono yangu ya zambarau. Hakusalimia.

Alhamisi, 8 Februari
Kisimani wanasema nina kithitu. Kile kitu cha kiapo kinachomaliza ukoo mzima.

Naogopa. Niliwahi kuona nyumba iliyochomwa kwa neno hilo. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje.

Redio kumi na moja za kijiji hiki nimezifufua mimi. Zilipoongea hakuna aliyeniita mchawi.

Ijumaa, 9 Februari
Usiku, jiwe juu ya mabati. Nimevaa viatu kitandani. Nikivunja vioo watasema nimeficha ushahidi. Afadhali nimalize. Nimefukiza upya vioo vyeusi, nimebana vyote vinne.

Jumamosi, 10 Februari
Walikuja. Wanaume sita na Mama Kalondu. Mmoja na debe la mafuta ya taa.

"Toa hicho kitu nje, Mama Musyoki. Watu wakione," akasema mwenye debe.

Nikatoa. Nikaviunga vinne juani na kalkuleta isiyo na betri. Hakuna namba.

Nikapima kimoja kimoja kwa mita yangu ya umeme. 0.4. 0.4. 0.4. Cha nne, sifuri. Kioo cheusi nilikifukiza upande usiopitisha umeme. Kosa la woga. Ilibidi nikifute, nifukize upande wa pili. Nikawasha mshumaa mbele yao. Mwenye debe akaruka nyuma.

"Wee mama! Unataka kutuchoma?"

Mtu akacheka. Mimi sikuweza.

Nikabana upya. Namba ikaja.

"Saba mara nane," akasema wa debe. Nikabonyeza. 56. Akahesabu kwa vidole, akachoka. "Haya. Kithitu hakijui hesabu."

Wakaondoka. Mama Kalondu akabaki kidogo. "Sasa mbuzi wangu aliuawa na nini?"

Sijui. Nilimwambia sijui.

Jumapili, 11 Februari
Sikuenda kanisani. Volti 1.2, inashuka. Rangi inachujuka, lazima nipate zambarau nyingine.

Jioni nimekuta bakuli langoni, limejaa zambarau. Bakuli la Mama Kalondu, nalijua. Hakupiga hodi.

Zimeiva vizuri. Nimeziosha mara mbili, nimeziponda zote kwa ajili ya vioo. Sikuonja hata moja.