Mgomba Uliozikwa Badala Yangu

Misheni, Nakuru
Jumapili, baada ya Misa ya pili

Kwa kaka yangu Makokha,

Nakusalimu wewe na nyumba yako yote, na kabla sijauliza mengine nakukemea kidogo. Umeniandikia kurasa nne. Tatu na nusu ni shule yako, mvua na mahindi, halafu ugonjwa wa Mama umeubana pale chini kabisa karibu na sahihi yako. Siku nyingine anza na Mama! Anaendeleaje leo? Miguu ingali imevimba? Analala usiku? Mimi huku mwili ni mzima, namshukuru Mungu, ila moyo haujatulia tangu barua yako ifike.

Huku ni vumbi tupu. Ziwa limekauka sana, ndege wale heroe wamehama, na kila alasiri upepo unachota lile vumbi jeupe la magadi na kulimwaga mjini. Kwako ni jambo dogo, lakini mimi ndiye mfuaji wa nyumba hii. Vitambaa vya altare, kanzu za masista, shuka za wasichana wa bweni, vyote vinapita mikononi mwangu. Naanika vyeupe, naanua vya kijivu. Jana kitambaa kimoja cha altare nilikifua, nikakitia buluu, nikakitia wanga, upepo ukaja, nikaanza upya, ukaja tena. Nilitamka neno ambalo sista hapaswi hata kulijua. Sista Bernadeta, mwenzangu wa kufua, akajifanya anakohoa.

Tumebaki wawili tu. Mama Wanjiru wa Bondeni, yule aliyekuwa akija kutusaidia, ameondolewa. Askari walikuja asubuhi na lori, kwa amri za hii Hali ya Hatari, wakawakusanya Wakikuyu wa nyumba zile, yeye na watoto wake na sufuria zake, eti warudishwe kwao Kiambu. Kwao gani? Amezaliwa Njoro kwenye shamba la mzungu, Kiambu anaisikia tu kwa watu. Lori lilipopita langoni petu aliniona, akapaza sauti, "Sista, anua nguo, naona mvua!" Hakukuwa na wingu hata moja. Nadhani alikosa tu neno la kuniagia. Nililia sana siku hiyo, na ndani ya kilio hicho, kaka, kulikuwa na wivu pia. Yeye anapelekwa kwa nguvu mahali anapoambiwa ni kwao, na mimi ninayejua kwetu ni wapi siwezi kwenda.

Haya, tuje kwenye swali lako. Unaniuliza mgomba ung'olewe au uachwe, na wazee wa ukoo wanangoja neno langu. Nilipolisoma nilicheka kwanza, unisamehe. Sidhani kuna mtawa mwingine duniani aliyewahi kuandikiwa aseme kaburi lake lifanyweje. Kisha nikakaa juu ya kapu la nguo chafu nikalia mpaka Bernadeta akaja kuniita kwenye sala.

Wewe hukuwepo, ulikuwa chuoni ukisomea ualimu, na najua kila mtu amekusimulia kwa namna yake. Sikia na yangu. Siku ya nadhiri zangu za daima nililala kifudifudi mbele ya altare, wakanifunika kitambaa cheusi chenye msalaba mweupe, kile kile kinachofunika jeneza. Kengele ikapigwa pole pole, kama ya mazishi. Maana yake ni kwamba mtawa anaufia ulimwengu. Kisha kitambaa kinaondolewa, anainuka, watu wanaimba kwa furaha. Mimi nilikuwa nimefundishwa hayo muda mrefu. Mama alifundishwa na nani? Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kumwambia. Alitoka Butere kwa gari la moshi pamoja na Baba mdogo Wesonga, amebeba kuku wa sherehe, akaketi benchi la mbele, akaona mwanawe analazwa sakafuni na kufunikwa nguo ya maiti. Akapiga ukemi! Nikiwa chini ya kile kitambaa nikaisikia sauti yake, ile ya matanga ya kwetu, inaniita Nafula, Nafula, inaniuliza nimemwachia nani. Sikuruhusiwa kusogea. Wanawake wawili wakamshika wakamtoa nje. Kwa hiyo aliniona nikifunikwa, lakini kuinuka hakuniona.

Ibada ilipokwisha nilimkimbilia pale uani, shada la maua kichwani. Akanitazama vizuri, akanishika shavu. Akasema, "Wewe ni mtoto mzuri. Unaitwa nani?"

Nami, kwa ile furaha yangu isiyo na akili, nikamtajia jina ambalo Askofu alikuwa amenipa. "Maria Agneta," nikasema.

Akatikisa kichwa pole pole. "Basi, Maria Agneta, nenda ukawaambie wanipe mwili wa mwanangu nikamzike kwao."

Nilimwambia, Mama, ni mimi. Nikamtajia jina la ng'ombe wetu, nikamwonyesha kovu la jembe mguuni. Akanisikiliza kwa heshima kama mtu anavyomsikiliza mgeni. Baba mdogo ndiye aliyempeleka stesheni, na njia nzima, nasikia, Mama alikuwa akiwalaumu watu wa misheni kwa kumnyima maiti.

Yaliyofuata unayajua. Walifanya kama inavyofanywa kwetu mtu akifia mbali na mwili usipatikane: wakanyoa nywele, wakavika mgomba shuka, wakauzika nyuma ya nyumba ya Mama. Na kazi ya kuleta kipande cha shina akapewa nani? Baba mdogo! Angekata kipande kama watu wote wanavyokata, leo kingekuwa kimeoza na tusingekuwa na shauri hili. Yeye akaona kuchukua panga ni taabu, akang'oa mche mzima na mizizi yake, akaufunga shuka, akaulaza shimoni, akaenda zake kwenye pombe. Mvua ya kwanza, Nafula akachipuka.

Tangu hapo nimeandika, nimeandika tena, na wewe unasema kila ukimsomea anaziba masikio, eti maiti haandiki. Lakini mgomba anausikiliza. Umenieleza anakaa pale na kigoda chake kutwa, anaupalilia, anauambia kuku yupi ametaga na nani ameoa, na hali chakula mpaka apelekewe pale. Umeniambia mkungu umejaa na hataki mtu aukaribie na panga. Kaka, naona wivu juu ya mgomba. Mimi ndiye mwanawe, ninaye Mama mmoja tu duniani, na habari zake zote anaupa mti.

Wazee wanasema ugonjwa wake unatoka hapo, kwamba kaburi la mtu aliye hai likiota halileti heri. Na wewe ukaandika: "Njoo, Nafula. Tutaung'oa siku hiyo hiyo, usimame pale pale mgomba ulipokuwa, akuone kwa macho kabla hajatuacha." Nilipofika mstari huo miguu yangu ilikuwa imekwisha kuondoka. Nilimfuata Mama Mkuu ofisini na povu la sabuni mikononi.

Mama Mkuu wetu ni mzungu wa siku nyingi huku, Kiswahili chake ni kile cha mashambani. Nikamweleza yote, mpaka mgomba. Hakucheka. Akasema, "Sista, mimi nasikia wewe. Lakini kanuni iko. Sista akishatoa nadhiri, hapana rudi nyumba ya mama yake."

"Hata kama mama anakufa?"

"Hata kufa."

Nikamwambia mimi sitaki kulala huko, nipewe mwenzangu wa kusafiri, nimwone kwa saa moja, nirudi. Akavua miwani. "Mama yangu pia nakufa, mbali, ng'ambo. Barua nafika hapa, yeye nakwisha zikwa. Siku ile mimi nafanya nini? Nafundisha watoto hesabu." Macho yake yalikuwa mekundu, kaka, naye si mtu wa machozi. Akachukua kalamu akamwandikia Askofu palepale, mbele yangu, akaomba aniachilie safari moja.

Jibu lilikuja Jumatano. Mama ataombewa kwenye Misa. Mimi nibaki.

Nina hasira, siwezi kukuficha, na Mungu anayeona barua hii anaijua kabla yako. Usifikiri najutia utawa. Nilikuja mwenyewe, hakuna aliyenivuta, na asubuhi tunapoimba kabla ya mapambazuko nafurahi furaha ambayo sina namna ya kukueleza. Lakini nilidhani ninachotoa ni changu. Sikujua natoa na cha Mama.

Siku ya pili yake mimi na Bernadeta tulitumwa mjini kununua wanga na buluu dukani kwa Mhindi. Tukisha kununua, nikasikia gari la moshi la Kisumu, lile la kwenda kwetu, likipiga filimbi. Sijui nilifikaje stesheni. Nilisimama pale watu wakipanda na mabunda yao, askari wakiwapekua na kuwadai vipande vyao vya kitambulisho, na mimi hakuna aliyenidai kitu, kwa ajili ya hizi nguo. Karani akaniuliza kwa adabu, "Sista, unasafiri?" Bernadeta alikuwa ameshika mkono wa kanzu yangu. Hakunivuta, alishika tu. Nilifikiri, nikipanda, nitafika kwetu kweli, nami sitakuwa Nafula wala Maria Agneta, nitakuwa mtu aliyevunja neno lake mbele ya Mungu, na huyo ndiye nitakayempelekea Mama. Gari likaondoka. Tulirudi kwa miguu, nikapiga pasi mpaka makaa yakaisha.

Basi jibu langu ni hili, na nakuomba ulisome mbele ya wazee kama lilivyo: mgomba usiguswe.

Najua ulitaka nijibu vingine. Lakini fikiri, kaka. Kama ningekuja, ningesema ung'oeni, hata kwa meno. Sasa siji. Mkiung'oa leo, Mama atabaki na mtoto aliye Nakuru ambaye yeye hamwamini, na shimo nyuma ya nyumba. Atamweleza nani habari za kuku? Ni heri awe na mwana mmoja wa kukaa naye, hata kama mwana huyo ni mti. Mkungu usikatwe mpaka aseme mwenyewe. Tafuta mti wenye panda uuegemeze vizuri, upepo wa kwetu unaujua. Na umpelekee chakula palepale, usimlazimishe kula ndani.

Baba mdogo akisema nitawaletea mkosi, mwambie hivi: mimi ndiye marehemu, na katika shauri la kaburi hakuna mwenye haki kuliko marehemu. Nataka umwone uso wake atakapolisikia hilo. Kisha mwambie nampenda, na simlaumu, maana kama si uvivu wake Mama angekuwa analia kwenye udongo mtupu.

Nisalimie wifi yangu, mkeo, na umshukuru kwa kumwogesha Mama kila jioni. Hiyo ilikuwa kazi yangu, na nalijua hilo kila niingizapo mikono kwenye maji. Watoto wako wabusu wote kwa niaba ya shangazi wasiyemjua. Shangazi mkubwa wa Mumias mwambie rozari yake inakuja kwa mkono wa padri. Katekista wenu mwambie amwombe padri ampe Mama Komunyo palepale kwenye kigoda, asione haya juu ya mgomba, Mungu ameona mengi kuliko hayo.

Na kwa Mama mwenyewe. Kaka, usimsomee barua hii, wala usimwambie Nafula ameandika. Tumemsumbua vya kutosha. Nimekuwa nikimng'ang'ania anikubali kuwa ni mzima kana kwamba bila yeye kusema hivyo sipo, na yeye kila mara anaumia upya. Sitafanya hivyo tena. Jioni moja akiwa ametulia, mwambie kwamba kuna mtawa mmoja huku Nakuru, mfuaji wa nguo, amesikia habari za ugonjwa wake, anamsalimu sana na anauliza kama miguu imepungua kuvimba. Usitaje jina. Akijibu chochote, hata kama ni kusema tu kwamba yeye hana mtu Nakuru, niandikie maneno yake kama alivyoyatamka, usipunguze hata moja.

Ni mimi mdogo wako,
Nafula