Mtu Mwekundu wa Dashibodi

Jumatatu, 20 Februari
Taa imewaka tena. Ile ya mtu mdogo mwekundu aliyekaa, na tufe mbele ya kifua. Taa ya injini naijua, ya breki naijua, hizo ni kama majirani. Huyu ni mgeni. Aliingia wiki iliyopita nilipokanyaga shimo pale sokoni Lota, na hataki kutoka.

Ukaguzi wa gari Alhamisi! Shule zinafunguliwa wiki ijayo. Bila cheti siruhusiwi kubeba hata mtoto mmoja wa shule, na kina mama wa mlimani wameshaanza: Yasna, mwaka huu unapita saa ngapi? Napita wapi, jamani!

Heriberto anasema nimpelekee kaka yake. Mume wangu huyu, kila kitu kaka yake. Nibaldo ndiye aliyetuuzia gari, Nibaldo ndiye anayelitengeneza, Nibaldo ndiye anayenuna mtu mwingine akigusa boneti.

Jumanne, 21 Februari
Gereji kwa Nibaldo. Nimemkuta anakula tikiti maji juu ya boneti ya gari la mteja.
– Shemeji, huyo jamaa kashiba tu. Mwache apumzike.
Nikamwambia Alhamisi sitaki jamaa yeyote kwenye dashibodi. Akaingia chini ya usukani, miguu nje, akipiga mluzi. Akatoka. Taa hakuna.
– Nimemwambia alale.
– Umefanya nini?
– Unataka gari au unataka darasa?
Nikacheka. Nikacheka, mjinga mimi, nikamwachia na pai ya mahindi.

Alhamisi, 23 Februari
TUMEANGUKA.

Foleni kituo cha ukaguzi Coronel asubuhi yote, jua la utosini. Breki nzuri. Moshi mzuri. Taa za mbele, mikanda, milango, vyote vizuri! Nikaanza kuvimba kichwa. Kisha mkaguzi, kijana mwenye shingo iliyoungua jua, akakaa kwenye kiti changu na kuzungusha ufunguo bila kuwasha injini. Taa zote zikawaka kama kwenye harusi. Akazikagua moja moja.
– Mama, ya mfuko wa hewa iko wapi?
– Imepona. Haiwaki tena.
– Inatakiwa iwake kidogo, halafu izime. Hii haiwaki kabisa. Kuna mtu amechomoa balbu.
– Labda imeungua.
– Labda, akasema. Lakini kwa sauti ile!

Yaani ikiwaka naanguka, isipowaka naanguka. Nimempigia Nibaldo hapo hapo. Akaanza: mwambie huyo mtoto mimi nilikuwa fundi kabla hajaota meno... Nikakata simu.

Jioni mama mkwe kaja kunywa chai. Kwamba mwanawe anatusaidia bure, nami sina shukrani. Nimempakia parachichi kwenye mkate. Heriberto kamimina chai. Huyo kunyamaza ndiyo kazi yake.

Ijumaa, 24 Februari
Nimekwenda kwa fundi mwingine. Kwa siri, kama mwizi, na gari langu mwenyewe! Bwana Ulises, fundi umeme wa magari kule Coronel. Mtu wa maneno machache. Akarudisha balbu, mtu mwekundu akaamka. Akasema sasa tutafute anacholalamikia. Akafungua kifuniko cha katikati ya usukani.

Akainama, akatazama ndani. Halafu:
– Bibi, njoo uone.

Hakuna kitu. Tundu. Pale mfuko wa hewa ulipotakiwa kukunjwa, ule wa kukukinga gari likigonga, pamebaki nyaya mbili na kipande kidogo kilichozungushiwa utepe mweusi. Kazi yake, anasema, ni kuidanganya kompyuta ya gari iamini mfuko upo. Lile shimo la sokoni lilikilegeza, ndiyo maana taa ikawaka. Akafungua na upande wa pili. Tundu pia.
– Hili gari lilishagonga, bibi. Mifuko ikafumuka, mtu akabandika vifuniko. Ulinunua kwa nani?

Nikatazama tundu la pili. Kiti cha upande wa pili anakaa Mirta, dada yangu, anayewashusha watoto mlangoni kwao. Miaka yote hii, mimi na Mirta. Na watoto nyuma yetu wakiimba.

Nikarudi nyumbani polepole kama nimebeba mayai.

Jumamosi, 25 Februari
Nimemwambia Heriberto. Alikuwa anakata vitunguu.

Hakuuliza kwa nini nilikwenda kwa fundi mwingine. Hakusema haiwezekani. Aliendelea kukata.
– Liligonga kidogo tu, Yasna.

Alijua!

Jumapili, 26 Februari
Nje ya nyumba ya mama mkwe. Wote wako ndani mezani, nasikia vijiko. Mimi nimebaki ndani ya gari. Heriberto kaja mara moja: ingia ule, usituaibishe. Nikasema naingia Nibaldo akinijibu mbele ya mama yake. Karudi ndani.

Sasa kaja Nibaldo mwenyewe, kitambaa cha mezani kifuani, anacheka.
– Shemeji! Kumbe hasira zote hizi za balbu? Kesho nakuwekea nyingine. Nina jamaa kule kwenye ukaguzi. Utapita.

Nimeshuka. Nimemfungulia mlango wa dereva. Nikamwambia akae aendeshe mpaka kanisani na kurudi, na Heriberto akae kwenye kiti cha Mirta. Mwendo ule ule ninaokwenda na watoto.
– Ya nini?
– Basi tu. Si gari zima?

Kaacha kucheka. Anautazama usukani. Mimi nimehamia kiti cha nyuma, kile kidogo cha watoto, magoti kifuani, naandika. Anadhani nitachoka. Heriberto katoka, kasimama langoni, haji.

Mama mkwe naye katokeza na aproni yake.
– Nibaldo, mwanangu, chakula kinapoa. Mpeleke shemeji yako anakotaka, yaishe! Si gari lako mwenyewe ulilowauzia?

Nibaldo kashika mlango kwa mikono miwili. Haingii. Mama mkwe kaacha kupangusa mikono. Anamtazama yeye, anamtazama Heriberto, anauliza tena, safari hii kwa sauti ya chini: Nibaldo, mbona huingii?