Pipa Yetu ya Bitunguu

Ndugu yangu Wilondja,

Mi mwenyewe njo naandika, sikuomba mkono ya mwalimu. Herufi zangu zinapanda na kushuka, lakini utasoma. Nani mwengine nitamueleza mambo ya ile pipa?

Tangu tukuzike hapa mu kambi ya Dzaleka mengi imegeuka. Bantu bengine bamefika toka Uvira, vita ingali inabakimbiza. Nyumba yako, mke wako Mama Neema ameitia majani mapya. Na mashini yetu inatembea. Unakumbuka bantu balivyotucheka, wazee wawili wa Fizi banatoboa pipa ya mafuta kwa msumari, banaifunga na mnyororo na pedali ya velo? Ulisema, "Batacheka mpaka bachoke kubeba." Basi bamechoka. Mi nakaa pale juu napiga pedali, pipa inazunguka, udongo unaanguka mu matundu, bitunguu inateremka yenyewe juu ya ubao mpaka mu gunia. Kazi ya bamama na mabeseni ya siku nzima, mi naimaliza jua haijakuwa kali. Fundi kama mi hayuko hapa, hata mjini Lumbadzi hayuko. Lumbadzi sijauliza, lakini najua.

Sasa sikiliza. Juma hii moyo haukai.

Unajua kitunguu inapaswa kulala inje mpaka shingo ikauke. Lakini mwaka huu bezi baliingia kuiba mu dimba, zile bustani za kando ya mto, na kila mutu akang'oa zake mbichi kwa woga. Wakaniletea. Mama Neema alileta zote, Wilondja. Hiyo njo chakula ya batoto wako mpaka mavuno ingine. Kamio ya mnunuzi wa soko ya Kawale, kule Lilongwe, ilikuwa imesimama pale, shofere anapiga honi. Mi nikapanda pale kwa pedali. Nikabaambia mashini haiulizi kavu ao mbichi.

Za Mama Neema njo zilitangulia. Zilitoka uchi. Ngozi yote ilibaki mu pipa, nyama inang'aa, maji inatoka. Niliona. Nikaendelea kupiga pedali, unanijua.

Mke wako akakuja, akaweka mkono karibu na mnyororo. Karibu kabisa. Hakupaza sauti.

"Shemeji, batoto ba ndugu yako watakula maganda?"

Shofere akacheka, akaniambia, bambo, njo kusema baba, shuka, umezeeka. Jibu yake nilikuwa nayo, na ilikuwa kali. Lakini niliangalia bile bidole, na mnyororo.

Nilishuka.

Nikamuambia shofere apakie zile kidogo za bantu bengine zilizong'olewa kabla ya bezi na kukauka, aende. Kamio iliondoka karibu tupu. Alisema atapita tena kama barabara itaruhusu. Barabara itaruhusu nani, sijui.

Pasta ametupa kanisa tuanike zilizobaki, mbali na bezi na mvua. Bitunguu imelala chini na juu ya mabenchi, milango wazi upepo upite, na Jumapili tuliimba inje kama bantu wamefukuzwa. Pasta alipiga chafya mu maombi, batoto bakacheka. Mi sikucheka. Upande ya Lilongwe mawingu ni meusi. Kila asubuhi naingia, nafinya shingo ya kitunguu ya Mama Neema na kidole gumba. Leo ingali laini. Yeye anasimama nyuma yangu, haulizi kitu. Afazali angenitukana. We ulikuwa unanitukana vizuri.

Ulikuwa unakula kitunguu mbichi na nsima, ugali ya hapa, machozi inashuka, unasema ni moshi, na moto hatujawasha. Nani ananidanganya vile sasa?

Lala, ndugu yangu. Nakuahidi hivi. Shingo ikikauka, nitazungusha polepole, mi mwenyewe, na magunia ya mke wako itapanda kamio mbele ya zote. Ikifika Lilongwe salama, nitasimama sokoni Kawale niseme hii mashini tuliitengeneza sisi wawili. Ikioza, nitasema ni mi peke yangu. We haukugusa hata msumari.

Etabo wako