Kihenge Namba 2

JESHI LA POLISI TANZANIA
KITUO: NACHINGWEA
MAELEZO YA NYONGEZA YA SHAHIDI

Jina: Zuena Adinani Chilumba
Umri: Miaka 24. Kabila: Mmwera. Dini: Mwislamu
Kazi: Mwanafunzi wa mwaka wa nne, uhandisi wa mitambo
Makazi: Likunja, Wilaya ya Ruangwa, kwa sasa amepanga Nachingwea mjini
Tarehe: 22/07/2024, saa 3:10 asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nilitoa maelezo ya kwanza katika kituo hiki tarehe 12/07/2024. Yale hayakuwa ya kweli. Leo nimekuja mwenyewe, sikuitwa.

Nilifika Nachingwea mwezi Aprili kwa mradi wa utafiti ambao chuo chetu kinaufanya pamoja na kampuni ya Mtondoo Ufuta, inayosafisha na kuhifadhi ufuta. Kampuni ilitaka kujua kwa nini ufuta unaganda ndani ya vihenge vyake vya chuma. Ufuta usiokauka vizuri hushikamana juu kama ukoko, chini kukabaki uwazi, ukaacha kushuka. Ikitokea hivyo mtu huingia kwa mlango wa juu na kuuvunja kwa mti. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza kifaa cha kuutikisa ufuta kutoka nje, ili mtu asiingie tena.

Aliyekuwa akiingia ni Saturnini Mpelembe, miaka 47, mkazi wa Mnero. Ndiye aliyenifundisha kukisikiliza kihenge. Alikuwa akigonga bati kwa ngumi na kuniambia ufuta umeishia wapi. Nikipima kwa vifaa vyangu nakuta amepatia. Aliniita Injinia tangu siku ya kwanza, bila dhihaka. Siku moja aliniambia, "Injinia, malizia hicho kidude chako. Mimi humo ndani naogopa, basi tu."

Mnamo tarehe 11/07/2024, siku ya Alhamisi, wageni kutoka makao makuu ya kampuni pamoja na mwalimu wangu walitarajiwa saa 6:00 mchana kuja kuona kifaa kikifanya kazi. Saa 3:30 asubuhi ufuta wa kihenge namba 2 uliganda. Niliwasha kifaa changu kikatikisa kwa dakika kumi, ufuta haukushuka. Meneja wa ghala, Edwin Kalembo, akasema wageni hawawezi kukuta hali ile. Akamwita Saturnini aingie.

Nilimwambia meneja kwamba kwenye ripoti yangu ya mwezi Mei niliandika mtu asiingie bila kamba, na umeme ukatwe kwanza. Akanijibu, "Ripoti nimeisoma. Kamba tumeagiza, hazijafika." Sikubishana zaidi. Saa 4:05 Saturnini alivua ndala chini ya ngazi, akapanda na mti wake.

Mimi nilikuwa kwenye kibanda cha swichi ya skruu, ile inayouvuta ufuta na kuutoa chini ya kihenge. Ukiwa pale huuoni mlango wa juu, lakini chini ya ngazi unapaona. Saa 4:20 nilisikia kishindo cha ukoko kukatika. Meneja akapaza sauti kutoka mlangoni mwa ghala, "Washa!" Nikamuuliza, "Mzee Saturnini ametoka?" Akasema, "Ametoka. Washa, muda unakwenda."

Niliziona ndala zake bado ziko chini ya ngazi. Naomba hili liandikwe. Niliziona kabla ya kuwasha, si baadaye. Nikajiambia labda ameshuka peku. Nikabonyeza.

Skruu ya chini ilianza kuvuta ufuta. Kisha nikasikia bati linagongwa kutoka ndani, mara nne au tano. Nikazima. Kumbukumbu za kifaa changu zinaonyesha skruu ilizunguka sekunde thelathini na nane. Nilipanda ngazi mbio. Ndani hapakuwa na mtu wa kuonekana. Palikuwa na ufuta tu, umebonyea katikati. Nilimwita. Nilitaka kuingia, fundi mmoja akanishika mguu.

Mafundi walikata bati la chini kwa grainda. Alitolewa saa 5:15 akiwa amefariki. Ufuta ulikuwa umejaa mdomoni, puani na masikioni. Nilikuwa nikimtoa ufuta masikioni kwa ncha ya mtandio wangu mpaka wakanisogeza. Wageni walipigiwa simu wakiwa njiani, wakageuza.

Saa 10:00 jioni meneja aliniita ofisini. Alisema, "Aliyebonyeza ni wewe. Ukisema nilikuagiza, nitasema sikuwepo. Sema aliingia mwenyewe, amelewa. Marehemu haimdhuru." Kesho yake alinileta hapa kwa gari lake akabaki nje akinisubiri. Nikaandikisha alivyotaka.

Tarehe 20/07/2024 nilikwenda Mnero kutoa pole. Mjane, Mama Domitila, alinipa kigoda na maji ya kunywa. Akaniuliza, "Mwanangu, watu wanasema baba Jonasi alikuwa amelewa. Hata kanisani wanasema. Mimi nililala naye, nikaamka naye, nikampa uji akaondoka. Hiyo pombe aliinywea wapi? Wewe ulikuwepo." Nilimaliza maji, nikaaga.

Saturnini hakuwa amelewa. Alitumwa na meneja, na mimi nilisikia akitumwa. Aliyewasha ni mimi. Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda, wala hakuna aliyenishurutisha kuyasema.

Sahihi ya shahidi: Z. A. Chilumba

MAELEZO YA MPOKEAJI
Nimeandika maneno ya shahidi kama alivyoyatamka, nikamsomea, akakubali kuwa ni sahihi. Alipofika kwenye habari ya kubonyeza swichi nilimsimamisha, nikamweleza kuwa maneno yake yanaweza kutumika dhidi yake mahakamani na kwamba ana haki ya kunyamaza au kuita wakili au ndugu. Alijibu: "Andika." Atachukuliwa maelezo ya onyo kama mtuhumiwa leo hii, na hajaruhusiwa kuondoka kituoni.

Shahidi ameomba neno "amelewa" lifutwe katika maelezo yake ya tarehe 12/07/2024. Nimemweleza kuwa maelezo yaliyokwisha kusainiwa hayafutwi. Yatabaki kwenye jalada pamoja na haya.

WP Koplo Amna, saa 5:25 asubuhi